Thrila kwa Kiswahili tuite aje, na kule mbali ni mahame?

Swali: Mwalimu, mi hupenda zile muvi za mauaji zinafanyika mahali mbali hakuna watu, Alaska, Iceland, ama kule ndani Australia. Naandikia marafiki maoni yangu kwa Kiswahili na kuna mmoja anasema thrila ni "filamu ya kutisha" na mahali kama hapo ni "mahame". Ako sawa? (Msomaji, Umoja)

Jibu: Hapana dadangu, ingawa pale kwa mahame amekaribia. Filamu ya kutisha ni ya mizimu na majini, ile unaangalia halafu kwenda choo usiku inakuwa shida. Thrila inakuweka tu roho juu, unajua kuna kitu kinakuja ila hujui kitatokea upande gani, na hiyo hali sote tulifunzwa sekondari kwa fasihi inaitwa taharuki, ni vile tuliiacha kwa chumba cha mtihani pamoja na tanakali za sauti. Asili ni Kiarabu na huko maana yake ni kusogea, kutotulia, sasa si ndio moyo unafanya? Sema filamu ya taharuki. "Ya kusisimua" si kosa lakini ni pana mno, hata fainali ya mpira inasisimua.

Sasa mahame. Angalia kitenzi: hama. Mahame ni mahali watu walikaa wakatoka, kijiji kimebaki kuta, mji wa machimbo mgodi ulifungwa kila mtu akaenda. Mpelelezi akiingia hapo, andika mahame bila wasiwasi. Lakini mahali hapajawahi kuwa na kijiji huwezi ita mahame, nani alihama? Hapo ni nyika, ama pori, ama jangwa, chagua kulingana na unachoona kwa skrini. Nyika hata tunayo, toka Taru mpaka Tsavo, ingawa ile filamu ya 1996 ya simba waliokula wajenzi wa reli Tsavo mwaka wa 1898 ilienda kupigwa Afrika Kusini, bado inaniuma. Na ule upweke wa mahali unaitwa ukiwa. "Mandhari ya ukiwa", hayo maneno nayapenda sana.

Hujauliza lakini nitasema, juu Nairobi kila kitu baridi na cheupe tunaita barafu. Theluji inaanguka ikiwa laini, barafu ni maji yameganda yakawa magumu, na ile ya Nyahururu 2008 watu walisema ni theluji ilikuwa mvua ya mawe. Kwa hadithi ya mauaji hii tofauti ni kubwa kwa sababu theluji inashika nyayo. Chukua Wind River ya 2017, ya kule Wyoming, msichana amepatikana amekufa kwa theluji bila viatu na anayesoma nyayo ni mwindaji, ungeandika "barafu" hapo mtu angeshangaa nyayo zilitoka wapi.

Ingine ni mpelelezi na jasusi, usichanganye, jasusi anaiba siri za nchi. Na yule polisi wanamfuata ni mshukiwa, mpaka afike kortini ndio anakuwa mshtakiwa, na kwa hizi muvi mara nyingi hafiki, baridi inammaliza kwanza.