Swali la saba lililonirudisha Uru

Juzi usiku, kama saa nne, kijana mmoja anayesoma shahada ya uzamili Arusha aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimemaliza kukusanya data. Madodoso 180, Cronbach 0.81, supavaiza kasema ni nzuri. Naomba msaada wa sura ya nne tu." (Cronbach ni kipimo cha takwimu kinachoonyesha kama majibu ya maswali yanayohusiana yanakubaliana.) Nikamuuliza jambo moja: katika hayo madodoso 180, mangapi umejaza wewe mwenyewe, umekaa na mtu uso kwa uso? Akanyamaza karibu dakika ishirini. Kisha akajibu, "Kumi na moja."

Ule ukimya wake naujua. Nimewahi kuwa nao, ukumbini, mbele ya watu sita wenye tai.

Na ujumbe wake umenikuta katika wiki ya furaha. Jumatatu nilipata barua kwamba makala yangu kuhusu kipato cha wakulima wa kahawa imekubaliwa na jarida, baada ya majarida mawili kuikataa. Nimefurahi hadi nimelia, siwezi kuficha. Lakini makala ile haikutoka kwenye akili nyingi. Imetoka kwenye aibu, na leo naieleza yote, kwa sababu najua wengi mnaosoma hapa mko njia hiihii: tasnifu kwanza, makala baadaye, halafu uzamivu Mungu akipenda.

Mimi ni mtoto wa kihamba, lile shamba la nyumbani la Wachaga lenye migomba na kahawa. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kahawa ya babu. Kwa hiyo nilipofika uzamili sikuhangaika kutafuta mada: mchango wa chama cha ushirika katika kipato cha kaya, Uru, huku juu ya Moshi mjini. Na ukitaka kuandika kuhusu ushirika Tanzania ukiwa Moshi, umeketi jikoni kwenyewe. Chama cha wakulima wenyeji wa kahawa kilianza hapa 1925, kisha chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kikafuata 1933. Serikali ilivunja vyama vikuu 1976, sheria ya 1982 ikavirudisha. Mnada wa kahawa uko hapa, Bodi ya Kahawa iko hapa, na chuo cha ushirika kilichoanza 1963 kiko hapa, tangu 2014 ni chuo kikuu. Sura yangu ya pili ilijaa mambo hayo, kurasa 34, na mpaka leo naiona ni sura nzuri.

Habari ya vibali nairuka. Barua ya chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji. Beba nakala nyingi, uwe na subira.

Chama cha msingi, yaani kile cha ushirika wa wakulima wenyewe kule kijijini, nilichokwenda kilikuwa na daftari la wanachama 412. Nikatumia fomula ya Yamane kama sisi sote tunavyofundishwa: 412 gawanya kwa moja jumlisha 412 mara 0.0025 (kiwango cha kosa cha 0.05 mara yenyewe), ikaja 202.96, nikaandika 203. Niliona nimemaliza sayansi. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwamba fomula ile inakuambia idadi ya watu wa kuhoji na hapo ndipo inapoishia. Haijui kama daftari lako lina majina ya marehemu. Langu lilikuwa nayo mengi. Mzee amefariki miaka tisa iliyopita, namba yake ya uanachama bado inapokea kahawa, anayepeleka ni mjane au kijana wa mwisho aliyebaki nyumbani. Wasaidizi wangu walipokuta mwenye jina hayupo, walimhoji aliyekuwa karibu na mlango.

Wasaidizi walikuwa wanne. Nikawalipa kwa dodoso: ukileta matano unalipwa matano, ukileta kumi unalipwa kumi. Kosa hilo ni langu peke yangu. Ukimlipa mtu kwa idadi ya karatasi, atakuletea karatasi.

Sasa swali la saba. Niliandika hivi: "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Liangalie tena. Kwa mwalimu, kwa karani wa halmashauri, swali hilo halina shida, kwani mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Mkulima wa kahawa hana mwezi. Anachuma kuanzia katikati ya mwaka, anamenya, anaanika, anapeleka chamani kwa mikupuo, anapokea malipo ya kwanza, halafu anasubiri mnada ndipo aone malipo ya pili, kama yapo. Mimi nikaenda kumuuliza Aprili, masika yamekolea, msimu umeisha zamani, pesa yenyewe ilishageuka sare za shule. Atajibu nini?

Wasaidizi waliponipigia simu kusema watu wanakwama kwenye swali hilo, nikawajibu, "Msaidieni akadirie." Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi kuliko neno lolote nililowahi kusema. Mmoja wao akawa anamsaidia mzee hivi: "Kama laki na nusu hivi, baba?" Na mzee, ambaye ana mgeni kwake, mtoto wa watu amepanda mlima na mvua ile, anajibu, "Ndiyo, kama hiyo hiyo."

Siku ya kudifendi, yaani kutetea tasnifu mbele ya watahini, mtahini wa nje hakuuliza chochote kuhusu zile kurasa 34. Alikuwa ameomba faili lenyewe la data, la programu ya takwimu ya SPSS, akalifungua kwenye kompyuta yake, akalipanga kwa safu ya kipato, akainua macho. "Naona watu 71 wa Uru wanapata shilingi 150,000 kamili kila mwezi," akasema kwa upole kabisa. "Wote wameajiriwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Msimamizi wangu, aliyesaini kila sura, alikuwa viti viwili kutoka kwangu. Hakufungua mdomo. Nimesamehe mengi maishani, hilo bado linanikaa kifuani, na naliandika hapa kwa sababu kuna wasimamizi wanaosoma: mwanafunzi wako akianguka kwa kitu ulichokisaini, sema basi hata neno moja.

Nikapewa marekebisho makubwa, yaani kukusanya data upya. Mama alishanunua kitenge cha sare na shangazi zangu. Siku ya mahafali nilikuwa soko la Mbuyuni nanunua vitunguu, msafara wa magari ukapita barabarani na matarumbeta yake, kichwa cha mwenzangu mwenye joho kimetokeza dirishani. Nikageukia ukutani mpaka wapite.

Miezi iliyofuata sina la kusimulia.

Nilirudi Uru Novemba, safari hii peke yangu, kwa kaya 64 tu. Kaya ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Nikamwamkia, akanikaribisha ndani, nikaanza kwa mazoea, "Bibi, kipato chako kwa mwezi..." Hakunijibu. Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililopauka, akalimimina mezani. Stakabadhi za kahawa. Zimekunjwa mara nne, nyingine zina alama ya kikombe cha chai. Akazipanga moja moja kwa kiganja: kilo 38, kilo 52, kilo 21. Jina juu ya kila karatasi lilikuwa la mumewe. "Hii ya kwanza nililipia ada ya mjukuu," akasema. "Hii ya pili, bati nane, hizo hapo juu. Hii bado hawajanilipa yote." Kwa dakika kumi nilikuwa nimepata mwaka mzima wa kaya ile, kwa kilo, kwa bati na kwa ada, na hakuna hata namba moja iliyokuwa ya kukisia.

Nikamuuliza chumvi na sabuni vinatoka wapi. Akashangaa ninauliza kitu kinachojulikana. "Ndizi, mjukuu wangu. Na maziwa. Kahawa ni ya mambo makubwa." Ndizi zilikuwa kwenye dodoso langu la kwanza, ndani ya kisanduku kimoja kilichoandikwa "mengineyo". Pesa inayolisha nyumba kila wiki, pesa ambayo mwanamke anaipeleka sokoni kichwani na kurudi nayo kwenye kanga, niliiita mengineyo. Hiyo ndiyo makala yangu iliyokubaliwa Jumatatu. Yote imetoka kwenye lile kopo.

Baadaye niligundua kwamba wakubwa wa kazi hii walishalijua jambo hilo, mimi ndiye nilikuwa sisomi panapotakiwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapopima umaskini haipimi kwa kiasi watu wanachopata, inapima wanatumia nini. Ile asilimia 26.4 ya umaskini wa mahitaji ya msingi ya 2017/18 tunayoinakili kwenye utangulizi wa tasnifu zetu imetoka kwenye matumizi ya kaya. Na utafiti wa taifa unaofuatilia kaya zilezile kwa miaka, ulioanza 2008/09, unauliza mavuno kwa msimu, kwa shamba. Madodoso hayo yamewekwa wazi. Kabla hujatunga swali lako, soma waliouliza kabla yako walivyouliza. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, hata hakuwa mchumi kwa masomo, alisomea siasa. Aliheshimika kwa kuchunguza jinsi wavuvi na wakulima wa umwagiliaji wanavyosimamia wenyewe uvuvi na maji yao. Sisi huku mlimani tuna mifongo, mifereji ya maji iliyochimbwa na mababu, na zamu zake za maji, na wanafunzi wetu wanamnukuu Ostrom bila kwenda kumuuliza mzee wa mfongo.

Sasa nakurudia wewe kijana wangu wa Arusha, na wote wenye 0.81 zenu.

Cronbach haikuambii kwamba majibu ni ya kweli. Inakuambia tu kwamba majibu yanafanana. Kama vipengele vyako vyote vimeandikwa kwa upande mmoja, "huduma ni nzuri", "viongozi ni wawajibikaji", "mikutano hufanyika kwa wakati", mtu mwenye adabu anayetaka mgeni amalize aende zake atakubali vyote, na namba yako itapanda. Kwetu kumkatalia mgeni ni utovu wa adabu. Hujapima ushirikishwaji wa wananchi katika serikali za mitaa hapo, umepima malezi ya watu. Geuza nusu ya vipengele. Weka "viongozi hawasomi taarifa ya mapato na matumizi". Ukiona mtu amekubali kwamba wanasoma na amekubali kwamba hawasomi, ujue dodoso lile halina mtu ndani.

Nenda mwenyewe. Narudia, nenda mwenyewe, hata kama una wasaidizi. Kaya 20 za kwanza ziwe zako, kabla hujachapisha madodoso mengine. Uliza kwa kipimo cha anayeulizwa: mkulima kwa gunia na msimu, bodaboda kwa siku na hesabu ya tajiri, mama wa genge kwa mtaji wa asubuhi na kilichobaki jioni. Mkutano mkuu wa kijiji usiuulizie "ushiriki", uliza mara ya mwisho alikwenda lini na alikaa wapi. Wasaidizi walipe kwa siku. Na nenda mwenyewe.

Najua mtaniambia muda hautoshi, ada inadaiwa, mwajiri anataka cheti. Nilisema hayo yote. Lakini mtu aliyeacha kukata majani ya ng'ombe akakukalia saa nzima amekupa kitu, na ukikigeuza kuwa laki na nusu ya kubuni umemdhulumu. Siku moja ofisa wa halmashauri atasoma tasnifu yako atafute mahali pa kupeleka pesa. Atazipeleka kwa watu ambao hawapo. Mimi nalichukulia hilo kama dhambi, na sina neno jepesi zaidi la kulitaja.

Nilipoaga kwa bibi ile Novemba alinisindikiza mpaka kwenye masale ya mpaka. Akaniuliza, "Na haya uliyoandika, utayaleta?" Akaniambia walishakuja wengine, wa miradi na wa vyuo, wakaandika wakaondoka, hakumbuki hata mmoja aliyerudi. Nikaahidi. Tasnifu ikapita, cheti nikapata, na ahadi ile nikawa nimeiweka kando nikisubiri makala itoke, kana kwamba bibi anasubiri jarida.

Jana nimechapisha kurasa mbili, Kiswahili, herufi kubwa, hakuna jedwali. Mwenyekiti wa chama amenipa nafasi Jumamosi baada ya mkutano. Nimemwambia kijana wa Arusha apande basi la alfajiri, tukutane stendi ya Moshi saa tatu, twende wote. Nilidhani atatoa udhuru. Ameuliza tu avae viatu gani, na kama anaweza kuja na dodoso moja tupu amwonyeshe bibi swali lake la kipato.