Muulize Anko: Simba katokea wapi Kigamboni?

SWALI: Anko habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kigamboni. Tuna ukuta mtupu upande wa darasa la nne, tumechanga na wazazi tukaamua tuchore ramani kubwa ya Dar yenye wanyama na miti ili watoto wajifunze. Tukampa kijana mmoja atutolee mchoro kwanza kwenye karatasi, kaleta Dar nzima imejaa simba, twiga, tembo na pundamilia, yaani simba kakaa Mjimwema kabisa anasubiri pantoni. Wazazi wamependa, mimi moyo unagoma. Nimwambieje, na tuanzie wapi?
– Mwalimu F., Kigamboni

JIBU: Salama mwalimu, pole na majukumu. Huyo simba mtoe. Sio kwamba kijana hajui kuchora, ila kachora ile Tanzania ya kwenye fulana za watalii, na ramani ya namna hii raha yake mtoto atoke darasani akutane na kitu alichokiona ukutani, sasa akitoka hapo akamtafute simba wapi?

Nikupe kisa changu. Miaka ya nyuma nilichora ukuta wa chekechea moja Tandika, kwenye kona nikaweka kunguru, nimemtoa kitabuni, mweusi na kifua cheupe safi. Katoto kamoja kakasimama kakamwangalia weee, kakauliza, "Mbona huyu kavaa singlendi?" Nikacheka halafu nikanyamaza, maana kweli, hawa wanaotuibia sabuni uani hawana kifua cheupe, wana shingo ya kijivu. Yule wa singlendi ndo mwenyeji, huyu wa kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, akavuka bara akajaa mji mzima, na anakojaa anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Kwa hiyo nyie wachoreni wote wawili, wa kijivu mkubwa katikati ya mji na mwenzie pembeni, hapo una kipindi kizima cha sayansi kwa kunguru tu.

Kwa hiyo kabla ya rangi, daftari. Wape watoto wiki moja waandike walichokiona njiani na jina wanaloliita nyumbani, usiwasahihishe bado. Halafu nenda kwa wavuvi na mafundi wa majahazi, hao ndo wenye mikoko. Sisi wa mjini tunasema mikoko tukamaliza, wao watakwambia kuna mlilana unaokaa mbele kabisa unakopigwa na maji, mizizi imechomoza kwenye tope kama pembe, kuna mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, kuna msinzi, mkandaa ambao gome lake linatoa rangi, na mchu ambao mizizi yake imesimama kama penseli zimechomekwa. Mkichora mstari mmoja wa kijani pembeni mwa bahari mkaandika "mikoko" mmewaibia watoto. Choreni miti mitatu tu, ila mizizi ionekane, maana majani ya mikoko mtoto hawezi kuyatofautisha hata siku moja, mizizi anaitofautisha kwa sekunde.

Mbali na mikoko, Dar imejaa vitu ukiacha kuangalia Serengeti. Kisiwani Mbudya kuna mibuyu, na kuna yule kaa mkubwa anayepanda minazi. Fukwe za kusini kwenu huko wanapanda kasa kutaga. Upande wa Pugu na Kazimzumbwi kuna msitu wa zamani sana, humo kuna sange, ana pua ndefu kama kamkonga, mgongo mweusi na ubavuni rangi ya kutu, anakimbia chini kwenye majani makavu. Kuna na komba mdogo kabisa wanayemwita wa Rondo, kwa ule uwanda wa Rondo kule Lindi, anapatikana misitu michache tu ya pwani na huko Pugu yupo. Watoto wako wangapi wamewahi kusikia kwamba ana jirani kama huyo? Mimi mwenyewe nimemjua nimeshazeeka.

Ila hapa kuwa makini. Kasa na komba usiweke nukta kwamba yuko hapa kabisa. Kasa mchore baharini, sio juu ya ufukwe flani, mayai yake watu wanayataka. Komba mweke katikati ya msitu wote, inatosha.

Sasa vipimo, maana hapa ndo wengi wanakwama. Mnyama hafuati skeli ya ardhi, ukifuata sange hatoonekana hata kwa miwani. Ardhi iwe na skeli yake, wanyama wawe wakubwa mnavyotaka, na kwenye ufunguo wa ramani uandike wazi kwamba ukubwa wa picha sio ukubwa wa mnyama. Kama ukuta una mita 2 kwenda juu na karibu mita 3 kwenda pembeni, kilomita 1 ifanye sentimita 3, Dar inaenea kuanzia Mto Mpiji mpaka Kimbiji na Pugu inaingia. Bongoyo itatoka kama kidole gumba, visiwa vitengenezee boksi lao kubwa pembeni. Na upande wa mashariki utabaki na bahari kubwa tupu, usiogope, hiyo ndo nafasi yako ya ufunguo, dira na samaki.

Mstari wa pwani msikisie kwa macho. Chukueni kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, ni bure, mnatakiwa tu kuandika chini kwamba mmetoa kwao, na Dar imechorwa vizuri kwa sababu ya wanafunzi wa vyuo na watu wa mitaani waliofanya mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015. Printi A4, piga viboksi vya sentimita 2, kumi kwenda juu na kumi na nne pembeni, ukutani kila kiboksi kinakuwa sentimita 20. Viboksi 140, gawa kwa watoto, kila mmoja na chake.

Kijana wako usimfukuze. Kama mkono wake ni wa Tingatinga mwache aendelee nao, ule uchoraji ulianzia hapahapa Dar kwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, na mnyama mmoja mkubwa anayejaza nafasi ndo kitu ramani inataka. Mkataze madoadoa tu. Sange akipigwa madoa anakuwa kanga.

SWALI: Anko mambo, mimi nachora kwenye tableti. Mteja anataka bango la A1 la mimea ya pwani, kijani changu kwenye skrini kinang'aa, kikichapwa kinakuwa kama mlenda wa jana. Printa mbovu au mimi?
– Dada wa Sinza

JIBU: Wewe, samahani. Skrini inatoa mwanga na printa inatoa wino, kuna kijani ambacho wino hauwezi kabisa. Anza faili kwenye CMYK, yaani mfumo wa rangi za wino wa kuchapia, toka mwanzo, sio kugeuza mwishoni, na kwa A1 ya dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) unahitaji pikseli 7016 kwa 9933. Kabla ya kuchapa lote kata kipande cha ukubwa wa A4 uchapiwe kwenye mashine ileile na karatasi ileile.

Halafu acha kutumia kijani kilekile kila mahali. Mkungu uangalie vizuri, jani linakuwa jekundu kabla ya kudondoka, kwa hiyo kwenye mti mmoja una rangi mbili bila kubuni chochote. Na mwarobaini na mkrismasi uiwekee alama kwamba ni miti ya kigeni, wa kwanza umetoka huko India na wa pili Madagascar. Mteja atabisha kuhusu mwarobaini, wote wanabishaga.