Umeniuliza kuhusu mtoto wa pili

Bondeni, Nakuru

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili niliusoma, nikauweka, nikaurudia baada ya isha. Unasema mama mkwe wako amekwambia mtoto wa pekee hunenepa, na akinenepa sukari na presha zitamkuta angali kijana. Sasa unaniuliza: uzae wa pili ili umwokoe mjukuu wangu?

Mkwe wangu huyo hakuyaokota barabarani. Upo utafiti wa Ulaya uliotoka 2012, uliopima watoto zaidi ya 12,000 katika nchi nane, wa miaka 2 hadi 9. Wasio na ndugu walikuwa na uwezekano wa kuzidi uzito zaidi kwa asilimia 50 na ushei kuliko wenye ndugu. Walicheza nje mara chache zaidi, na walielekea zaidi kuwa na televisheni chumbani. Hata mambo hayo yalipoingizwa kwenye hesabu, tofauti haikuisha. Lakini hao ni watoto wa Ulaya. Wa kwako nilimwona mwenyewe ile wiki niliyokaa kwenu Kisumu.

Gari la shule linamshusha getini saa kumi. Anapanda hadi ghorofa ya tatu, anafungua friji, anatoa soda. Chupa ile ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vinane vya chai. Wewe ukiniona natia vinne kwenye kikombe unapiga kelele! Kisha simu, mpaka chakula. Usiku unampakulia sahani sawa na ya babake, na akishiba unambembeleza amalize kwa sababu hakuna wa kummalizia. Kwetu aliyezubaa alikuta ukoko.

Sikusifii enzi zetu, hata hivyo. Mlikuwa sita na hakuna aliyenenepa, kweli. Lakini moyo wa kaka yako uliharibikia humu humu, ndani ya nyumba iliyojaa watoto. Ulikuwa mdogo, hukuambiwa yote.

Mlilala wanne godoro moja, dirisha limefungwa kwa baridi. Mmoja akiumwa koo, wiki hiyo hiyo wote mnaumwa. Yeye alikuwa na miaka tisa. Mimi, nesi mzima, natoka zamu ya usiku nimechoka, nikamwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Koo likapoa. Baada ya kama wiki tatu goti likafura, likapona, uvimbe ukahamia kiwiko, kisha kifundo cha mguu. Zahanati niliyompeleka kwanza wakasema ni mifupa inakua. Ilikuwa homa ya baridi yabisi: mwili unapigana na bakteria wa koo, halafu unaugeukia moyo wenyewe na kuzila vali zake, vile vilango vya kupitisha damu. Ndiyo maana ya zile sindano za penisilini kila wiki nne, miaka na miaka. Unakumbuka alivyokuwa akirudi kwa miguu kutoka mjini? Hakuwa bahili wa nauli. Hakuweza kukaa kwenye kiti cha matatu.

Kwa hiyo usinizalie dawa. Mkitaka mtoto wa pili wewe na mume wako, mzaeni kwa kuwa mnamtaka, nami nitakuja kumwogesha siku arobaini. Lakini kiumbe asije duniani na kazi ya kumkimbiza kakake uwanjani. Na ukiwaletea wote wawili soda na simu, utakuwa na wawili.

Huyo mmoja mpe sahani yake ndogo, akisema ameshiba mwamini. Soda iwe ya sherehe, si ya friji. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa umri wa shule apate angalau dakika 60 za kutoka jasho kwa siku, kwa wastani. Ongea na jirani yako wa chini, yule mwenye mapacha, wateremke pamoja wacheze kati na brikicho. Watakuvunjia chungu cha maua, kubali. Na koo likimuuma pamoja na homa, mpeleke akaangaliwe siku hiyo hiyo, na akipewa dawa za siku kumi azimeze zote kumi, hata akiwa anarukaruka siku ya tatu.

Agosti mlete. Usimvalishe viatu vile vyeupe. Uani bomba la jirani limepasuka, ni matope matupu, na watoto wa mamako mdogo wanamsubiri.

Mamako