Ed Bickert, na nyie mnaotaka kujulikana

Juzi kijana mmoja wa Tanga kaniandikia inbox, "shikamoo kaka, napiga gitaa kuwashinda hawa wanaotrendi lakini sijulikani, nifanyeje?" Marahaba mdogo wangu. Nilicheka kwanza, alafu nikanyamaza, maana swali hilo na mimi nilishaliuliza, tena kwa hasira kuliko zako. Sasa ngoja nikupe habari za mzee mmoja wa Kanada, Ed Bickert, alifariki Toronto tarehe 28 Februari 2019 akiwa na miaka 86, na nakuwekea dau hujawahi kumsikia.

Alikuwa mpiga gitaa la jazz, nasema jazz ile ya kina Duke Ellington, sio Morogoro Jazz na Nuta Jazz ambazo kwetu ni dansi. Ingawa na yeye katoka kwenye dansi vilevile, baba yake akipiga fidla, mama piano, na yeye bado mtoto anawasindikiza na gitaa kwenye madansi ya huko Vernon, British Columbia. Mwaka 1952 akaenda Toronto. Miaka ya studio naruka, kazi za kulipia kodi ya nyumba hazina hadithi. Ila ujue alikaa miaka mingi kwenye bendi ya Rob McConnell, Boss Brass, iliyoanza 1968, tarumbeta na tromboni zimejaa jukwaa zima, na katikati ya kelele zote hizo kuna gitaa moja linanong'ona na bado unalisikia.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza vizuri. Paul Desmond, yule wa saksafoni aliyetunga Take Five, alikuwa anakwenda kupiga Toronto na anatafuta mtu wa gitaa. Jim Hall, ambaye kwenye gitaa la jazz ni mkubwa wa wakubwa, akamwambia huko yupo Bickert, mchukue. Basi. Hamna menejimenti, hamna promo. Wakarekodi Pure Desmond mwaka 1974, na Oktoba 1975 wakarekodi laivu kwenye klabu ya Bourbon Street palepale Toronto, besi kashika Don Thompson, dramu Jerry Fuller. Desmond mwenyewe aliandika kwamba akiwa jukwaani na Ed huwa anageuka nyuma kuhesabu nyuzi za gitaa lake, haamini kama ni sita tu.

Na mimi nimehesabu sana, nimeegemeza sikio kwenye spika mpaka mke wangu akauliza kulikoni. Siri ni kwamba jamaa hakamati kodi nzima (kodi ya gitaa, yaani chord, sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kama sisi tunavyokwangua nyuzi zote sita utadhani tunaparua nazi. Anachukua sauti tatu, saa nyingine mbili, pale katikati ya shingo, mbili zinakaa, moja inateremka kidogo kidogo, na kabla hujajua kodi imeshageuka kuwa nyingine. Besi anamwachia mwenye besi. Tena kwenye Telecaster! Gitaa la umeme la ubao mtupu, la watu wa kantri na roki, wakati wenzake wengi wa jazz wamekumbatia magitaa makubwa yenye tumbo. Aliweka tu pikapu (kile kinachonasa sauti ya nyuzi) ya aina ya humbucker upande wa shingo, sauti ikatoka nene na laini. Lile gitaa lilikuwa na alama za kuungua kule kichwani, alikuwa anachomeka sigara kwenye nyuzi akipiga, inaungua yenyewe, mwenyewe hana habari. (Sigara msiige.)

Na mimi niseme langu. Nimepiga gitaa la ridhimu, lile la kusindikiza, kwenye bendi ya hoteli miaka mingi, na kwenye dansi mnajua ilivyo, watu wanamjua muimbaji, wanamjua wa solo, wa ridhimu ni kama fundi umeme, anatajwa siku taa zikizimika. Tukarekodi albamu, ridhimu zote humo ndani zangu, jalada likatoka lina jina la mpaka mama aliyeshona sare, langu halimo. Mwenye bendi simtaji, anajijua, na siku ya uzinduzi alinipa mkono huku anacheka. Sijasahau na sina mpango wa kusahau.

Lakini mpiga besi wa ile albamu alihamia bendi nyingine, kule wakataka mtu wa ridhimu, akawaambia yupo mmoja hivi, mpigieni. Kutoka hapo nikaitwa harusini, nikaitwa taarabu, nikaitwa studio za gospo, watoto wangu wamesoma kwa ridhimu na ada ililipwa kwa wakati, wangapi kati ya hao mnaowaonea wivu wanaweza kusema hivyo?

Kwa iyo mdogo wangu ushauri wangu ni huu, mashabiki waache kwanza, tafuta wanamuziki wenzako wakuamini. Fika mapema, jua nyimbo, jua na kodi zake kwenye kila ki (key, kimo cha wimbo) maana muimbaji ataamka na sauti yake ya siku hiyo. Punguza sauti ya amplifaya. Msikilize anayeimba. Na nasema tena punguza sauti, nyie watoto wa siku hizi mnapiga kama mnagombana na mtu.

Sikudanganyi kwamba utalipwa sifa. Bickert walimpa nishani ya Order of Canada mwaka 1996, sawa, lakini ukitoka nje ya wapiga gitaa ukiwauliza watu wanakukodolea macho. Mwaka 2000 hivi mkewe alifariki, naye akaliweka gitaa chini, hakurudi tena jukwaani. Karibu miaka ishirini kimya kabla ya kufa. Hapo mimi naumia, na wanaosema "ndo maisha" hawajawahi kushika gitaa.

Anza na ile laivu ya Bourbon Street, tumia hedifoni, usisikilize kwa spika ya simu. Na nyie viongozi wa bendi mnaopita hapa kimyakimya, mkipandisha nyimbo zenu YouTube andikeni chini nani kapiga besi, nani kapiga ridhimu, nani yuko kwenye tumba. Ni mistari mitatu tu, haimalizi bando.