Saa ya baba inasimama nikiwasha kronografu

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba alisoma Moscow miaka ya 1980, akarudi na saa ya Poljot ya kutia ufunguo, yenye vitufe viwili ubavuni na visahani viwili vidogo usoni. Kwa kawaida inatembea vizuri. Nikibonyeza kitufe cha juu kuwasha kronografu, yaani kile kipima muda kilichomo ndani ya saa, mshale mrefu unaondoka, lakini baada ya muda saa nzima inasimama. Nikizima kronografu, inaendelea. Tena mshale ukirudishwa haukai sawasawa kwenye 12. Fundi mmoja hapa mjini anataka kuifungua atie oili. Nimruhusu?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Usimruhusu. Kutia oili juu ya oili iliyokauka ndiko kulikoua saa nyingi nzuri katika mikoa yetu hii, hasa ikiwa ni oili ya cherehani.

Kwa maelezo yako, humo ndani mna mashine ya Poljot 3133, ambayo Wasovieti waliitengeneza kwa kufuata Valjoux 7734 ya Uswisi. Ni mashine imara na inatengenezeka, kwa hiyo usikate tamaa.

Kronografu haina springi yake. Inakula nguvu ya springi ileile inayoendesha saa. Sekunde za kawaida, zile za kisahani cha kushoto, zinazunguka muda wote. Ukibonyeza kitufe cha juu, wenzo mmoja unasogeza gia ndogo pembeni, meno yake membamba yanaingia kwenye meno ya gurudumu la katikati, na mshale mrefu unaanza safari. Tangu hapo saa inavuta mzigo wa ziada. Saa yenye afya huuvuta bila taabu. Saa iliyochoka husimama. Ndiyo maana mimi sianzi na kronografu hata siku moja. Naanza na mashine yenyewe.

Nawe unaweza kuanza hapo nyumbani. Tia ufunguo mpaka mwisho, ilaze kifudifudi bila kuwasha kronografu, uone itatembea muda gani. Mashine hii ikiwa nzima huvuka saa 40. Ikifa mapema zaidi, tatizo kubwa ni uchafu, oili iliyoganda au springi iliyolegea, na kronografu inakuonyesha tu udhaifu uliokuwepo tayari. Mezani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, natumia mashine ya kupimia mapigo. Saa iliyojazwa na kulazwa, balansi yake, lile gurudumu linaloyumba huku na huku kuongoza mwendo wa saa, inapaswa kuyumba nyuzi kama 270 hadi 300. Ukiwasha kronografu zinapungua nyuzi 20 au 40 hivi, hakuna ubaya. Ila kama ilikuwa na 210 tangu mwanzo, imebakiwa na nini cha kupunguza?

Kisha angalia inasimamia wapi, maana hujaniambia, na ni jambo kubwa. Ikisimama popote pale, rudi kwenye nguvu ndogo, au meno ya ile gia yanazama mno. Ikisimama kila mara mshale unapokaribia sekunde ya 60, basi mtuhumiwa ni kihesabu dakika. Kwenye gurudumu la katikati kuna kidole chembamba kama unywele. Kila mzunguko unapokamilika, kinalisukuma gurudumu la dakika jino moja mbele, huku kispringi kikilibana lisiteleze. Kispringi kikibana kupita kiasi, au kidole kikiingia ndani mno, mashine inashindwa kupita hapo.

Hapa ndipo fundi asiyezijua kronografu anapoharibu. Baadhi ya vichwa vya skrubu utakavyoviona ukifungua mfuniko havikazi kitu chochote. Vimetengenezwa vikiwa nje ya kitovu chake, na ukivizungusha kidogo tu vinasogeza wenzo, kina cha meno kinabadilika. Mtu anapita na bisibisi akikaza kila anachokiona, akidhani anasaidia, na saa iliyokuwa na uchafu tu sasa ina uchafu na vipimo vilivyovurugika. Meno yakizama mno yanabana. Yakigusana juujuu, mshale unaruka unapoondoka au unatetemeka njiani. Mimi vichwa hivyo naviacha mpaka saa yote imeoshwa, imetiwa oili na kupimwa. Mara nyingi havihitaji kuguswa kabisa.

Na oili yenyewe: hutiwa kwenye ncha za mihimili ndani ya vijiwe, tone dogo lisiloonekana bila lenzi. Meno ya gia hayapakwi oili, yawe ya saa au ya kronografu. Oili hapo hukusanya vumbi, na vumbi la Mbeya la Agosti na Septemba unalijua.

Kuhusu mshale usiokaa kwenye 12, bonyeza kitufe cha chini mara kadhaa, kila mara ukiwa umesimamisha kwanza kwa kitufe cha juu. Ukikaa mahali palepale, tuseme sekunde mbili baada ya 12, mshale ulipachikwa vibaya tu na kuupachika upya ni kazi ndogo. Ukikaa leo hapa kesho pale, umelegea kwenye mhimili wake, au nyundo haiugongi vizuri ule moyo. Ndani kuna kipande chenye umbo la moyo kabisa. Nyundo inapokipiga, popote mshale ulipo, moyo unajigeuza mpaka nyundo itue kwenye bonde lake, na mshale unarudi nyumbani. Ni ubunifu wa karne ya 19, na bado sijaona ulio mzuri kuuzidi. Usibonyeze kitufe cha chini wakati mshale unatembea.

Ukimpata fundi, muulize maswali mawili kabla hujampa saa: ataifungua yote na kuiosha, au atatia oili tu? Na ataipima kronografu ikiwa imewashwa? Mwambie pia abadilishe mipira ya mfuniko na ya vitufe. Mvua za Rungwe si za mchezo, na saa ya umri huo haizuii maji tena. Ukiuona ukungu chini ya kioo, ipeleke siku hiyohiyo. Na kama ilishawahi kufunguliwa, kila kipande kilichobaki kifunge kwenye karatasi uje nacho, hata kilichovunjika, maana vipuri vya 3133 tunavitoa kwenye saa nyingine na fundi anahitaji cha kulinganishia.