Mhusika wako anamezwa na rangi za nyuma

Nimekuelewa mkuu, katuni yako ya fremu nne inapendeza ikiwa penseli tu ila ukishapaka rangi mhusika anapotea na watu hawajui waanze kusoma wapi. Hilo lilinitesa sana mimi pia. Kabla hujabadilisha rangi yoyote piga picha ukurasa uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, shati jekundu na ukuta wa kijani vikitoka kijivu kilekile basi shida sio rangi, ni mwanga na giza, kwahiyo shati likoleze na ukuta uupaushe. Mimi natumia rangi 3 au 4 tu ukurasa mzima, ile kali kabisa naiweka sehemu moja, pale ninapotaka jicho litue.

Ili watu wajue waanze kusoma wapi, maputo ya maneno, yale maduara yenye maneno ya wahusika, yachore kwanza, kabla hata ya watu, anayeanza kuongea akae kushoto na puto lake liwe juu. Na kama utachapisha usiamini skrini kabisa, bluu na kijani za kung'aa huwa zinafifia kwenye karatasi, mwombe mtu wa uchapaji akutolee nakala moja ya majaribio kabla hujalipia zote.