Kabla ya kuandika mechi, jifunze kusoma msimamo

Ukipewa kwa mara ya kwanza kazi ya kuripoti hoki ya barafuni ya timu za taifa, mashindano yale ambayo kila timu ya kundi hukutana na kila nyingine, utatamani kuanza na majina ya nyota na kasi ya mchezo. Anza na msimamo. Mashindano yangu mawili ya kwanza niliripoti kila mechi kana kwamba inaishia pale pale uwanjani, na wasomaji wangu walikosa nusu ya habari.

Pointi kwanza. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20. Anayeshinda ndani ya dakika hizo 60 anapata pointi 3, aliyefungwa hapati kitu. Zikiisha kwa sare, kila timu inabeba pointi 1, kisha wanagombea ya ziada katika muda wa nyongeza, na ikibidi kwa penalti. Kwa hiyo neno "imeshinda" peke yake halitoshi. Mwambie msomaji imeshinda lini. Kwenye daftari langu kila timu ina safu nne: ushindi wa dakika 60, ushindi wa baadaye, kufungwa baadaye, kufungwa ndani ya dakika 60. Sijawahi kuziacha tena.

Utaona maana yake ukirudi Riga mwaka 2021, kwenye mashindano ya dunia ya wanaume. Timu 16, makundi mawili ya timu 8, nne za juu za kila kundi zinaingia robo fainali. Kanada ilifungwa mechi zake tatu za mwanzo. Ikajikongoja, ikashinda tatu zilizofuata, kisha ikafungwa na Ufini kwa penalti na kumaliza na pointi 10. Ikabaki kusubiri mechi ya Ujerumani na Latvia, zote zikiwa na pointi 9. Hapo ndipo ningependa kila mgeni wa kazi hii achukue kalamu na kupiga hesabu mwenyewe. Kanada haikuhitaji timu fulani ishinde. Ilihitaji tu mshindi apatikane ndani ya dakika 60, kwa sababu anayeshindwa angebaki na 9. Wangefika kwenye muda wa nyongeza, wote wawili wangefikisha 10 au zaidi na Kanada ingetoka, kwa kanuni ya kulingana pointi nitakayoieleza hivi punde. Ujerumani ikashinda 2–1 bila nyongeza, Kanada ikapita, na siku chache baadaye ikatwaa dhahabu kwa kuifunga Ufini 3–2. Mwandishi aliyekuwa akiitazama mechi ile kama ya Wajerumani na Walatvia pekee hakuona kilichokuwa kikiendelea.

Kuna jambo jingine katika kundi lile lile. Kazakhstan nayo ilikuwa na pointi 10, na ilikuwa imeifunga Italia 11–3, hivyo tofauti yake ya mabao ilikuwa nzuri kuliko ya Kanada. Ikatoka. Timu zikilingana kwa pointi, huangaliwa kwanza matokeo yao wenyewe kwa wenyewe, na Kanada ilikuwa imeshinda 4–2 walipokutana. Zikilingana tatu au zaidi, unachora msimamo mdogo wa timu hizo tu na kufuta mechi zao na wengine wote. Mimi niliwahi kutangaza kwamba timu fulani imefuzu kwa kuwa ilikuwa imewafunga wa mkiani mabao mengi. Mabao yale hayakuhesabika popote, na ilinibidi niombe radhi.

Lakini kanuni hubadilika, kwa hiyo soma za mashindano unayoyaripoti, tena mwaka ule ule. Vienna, 1987, kwenye mashindano hayo hayo ya dunia, Umoja wa Kisovyeti haukufungwa mechi hata moja na bado ulikosa dhahabu. Katika hatua ya mwisho ya timu nne zilihesabika mechi tatu tu. Wasovyeti walitoka sare 0–0 na Kanada, 2–2 na Uswidi, wakaifunga Chekoslovakia 2–1. Uswidi ilikuwa na sare mbili pia, lakini yenyewe iliichapa Kanada 9–0. Wakati ule ushindi ulikuwa na pointi 2 na sare 1, hivyo pointi 4 kwa 4, na mechi yao wenyewe ilikuwa sare, basi tofauti ya mabao ikaamua. Kila ninapoutazama msimamo ule nawahurumia Wasovyeti, ingawa hesabu ni sahihi kabisa.

Ukishauzoea msimamo, utaelewa hata mambo ya uwanjani yanayowashangaza wengine. Timu iliyo nyuma kwa bao moja humtoa kipa dakika za mwisho na kuongeza mshambuliaji. Hilo ni la kawaida. Lakini nilipomwona kwa mara ya kwanza kipa akitoka mbio huku matokeo ni sare, nilidhani ameumia. Kumbe kocha alihitaji pointi 3 ili abaki mashindanoni, na pointi 1 ya sare haikumfaa kitu.

Siku ya mwisho ya makundi, fika mapema. Andika kwenye karatasi kila matokeo yanayowezekana na nani anapita kwa kila moja, kabla kisahani, kinachochezewa badala ya mpira, hakijadondoshwa katikati ya uwanja. Mechi ikishaanza hutapata nafasi ya kuhesabu.